Unene Uliokithiri ni Ugonjwa wa Kudumu: Somo kwa Wahudumu na Wagonjwa wa Buswelu na Pembezoni mwa Jiji la Mwanza

Utangulizi

Buswelu, makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, ni mfano mzuri wa maeneo ya Kanda ya Ziwa ambayo yamegeuka mji ndani ya kizazi kimoja. Palipolimwa mihogo na viazi vitamu sasa pana nyumba, ofisi, maduka na vijiwe vya bodaboda. Mkazi aliyekuwa akienda kwa miguu kisimani, shambani na gulioni sasa ana bomba uani, duka mlangoni na pikipiki ya kumfikisha Kiseke au Nyakato. Wakati huohuo mafuta ya kula, sukari, chapati na chipsi vimekuwa chakula cha kila siku, ilhali zamani vilikuwa vya siku maalumu.

Athari ya mabadiliko ya namna hii kwa mwili wa Mtanzania imepimwa. Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliohama vijijini mkoani Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Ndani ya miezi 12 tu, wanaume na wanawake waliongezeka wastani wa zaidi ya kilo 2 kila mmoja, na shughuli nzito za mwili zilipungua sana kwa jinsia zote mbili. Kwa nchi nzima, tafiti za taifa za hali ya uzazi na afya zilionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015/16. Kati ya hao wa mwisho, wenye unene kamili walikuwa asilimia 10 ya wanawake wote.

Matokeo yake yanaonekana wodini. Utafiti wa miaka 3 uliofanyika katika Hospitali ya Kanda ya Bugando na kuchapishwa mwaka 2013 ulibaini kuwa magonjwa yatokanayo na shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wazima hospitalini hapo. Unene si chanzo pekee cha shinikizo hilo, lakini ni chanzo ambacho kinaweza kushughulikiwa mapema, kuanzia ngazi ya zahanati.

Somo hili linajenga hoja moja: unene uliokithiri ni ugonjwa wa kudumu, na mwili wenyewe huulinda. Kwa hiyo hutibiwa kwa mpango wa miaka, kama kisukari na shinikizo la damu zinavyotibiwa. Lawama kwa mgonjwa, pamoja na ahadi za kupungua kwa wiki chache, humwondoa kliniki kabla tiba haijaanza.

Kuutambua na kuupima

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu, ambao kwenye kadi nyingi huandikwa BMI. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Matokeo ya 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. 30 na zaidi ni unene. 35 hadi 39.9 ni unene wa daraja la pili. 40 na zaidi ni unene wa daraja la tatu, ndio unaoitwa unene uliokithiri. Mgonjwa wa daraja la pili mwenye kisukari, shinikizo la damu au tatizo la kupumua usingizini naye hushughulikiwa kwa uzito uleule.

Kipimo cha pili ni mzingo wa kiuno, kwa sababu mafuta yaliyozunguka ini, kongosho na utumbo yana madhara makubwa kuliko yale ya mapaja na makalio. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kinapofika sentimita 80, na huwa kubwa kinapozidi 88. Kwa mwanamume, mipaka hiyo ni 94 na 102. Futi ya fundi cherehani inatosha, mradi ishikwe sawasawa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi.

Kuna mtego mmoja katika kupima shinikizo la damu. Mkanda wa kawaida wa watu wazima haumfai mtu ambaye mzingo wa mkono wake unazidi sentimita 32 hivi. Ukilazimishwa, husoma shinikizo kuwa juu kuliko lilivyo, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asizohitaji. Kila kituo chenye kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza kinapaswa kuwa na mkanda mpana. Vilevile mizani ipimwe uwezo wake: kumpandisha mgonjwa kwenye mizani isiyoweza kubeba uzito wake, mbele ya foleni, ni kumfukuza kwa njia nyingine.

Baada ya hapo hupimwa sukari ya damu na mafuta ya damu panapowezekana, na mgonjwa huulizwa kuhusu maumivu ya magoti, mzunguko wa hedhi, kukoroma, kukatika pumzi usingizini na kusinzia mchana. Dawa anazotumia zikaguliwe zote. Insulini, glibenklamidi, dawa za jamii ya steroidi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kifafa zinaweza kuongeza uzito.

Jambo hili linawahusu pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jaribio la ADVANCE la Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu 1,053, lilionyesha kuwa mchanganyiko wenye dolutegravir uliambatana na ongezeko la uzito, na wanawake waliongezeka zaidi. Dawa hiyo ni nzuri na inaokoa maisha. Mgonjwa asiiache wala asipunguze dozi. Linalotakiwa ni kumpima uzito kila hudhurio na kuanza ushauri mapema, kabla kilo 3 hazijawa 15.

Kwa nini kilo hurudi

Watu wengi waliowahi kupungua wanajua kwamba kupungua ni nusu ya safari. Sababu iko kwenye ubongo na homoni. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, liligundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo husoma hali hiyo kama njaa. Hapo ghrelini, homoni ya tumboni inayoamsha hamu ya kula, hupanda, nazo homoni za shibe hupungua.

Watafiti wa Australia waliwapa watu 50 lishe yenye kalori chache sana kwa wiki 10, wakapungua wastani wa kilo 13.5. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba hata baada ya mwaka mzima homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali, na washiriki waliendelea kuhisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo mama anayesema, “Nikipungua kidogo njaa inanishika kuliko zamani,” anaeleza jambo lililothibitishwa maabara. Mhudumu anayemjibu kuwa hana nidhamu amekosea kwa upande wa sayansi na amekosea kwa upande wa utu.

Tafiti zimeonyesha nini

Kuhusu mabadiliko ya mwenendo, utafiti maarufu zaidi ni ule wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa makundi. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 ni lengo ambalo wengi wanaweza kulifikia bila dawa ghali.

Utafiti wa Look AHEAD uliwafuatilia watu 5,145 wenye kisukari na uzito uliozidi kwa karibu miaka 10. Waliopewa ushauri wa karibu walipungua asilimia 8.6 mwaka wa kwanza, na mwishoni walibaki na upungufu wa asilimia 6. Mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo walihitaji dawa chache, walitembea vizuri zaidi na tatizo la kupumua usingizini lilipungua. Fundisho lake ni kuwa mgonjwa aambiwe faida zilizothibitishwa, wala asiahidiwe zaidi ya hizo.

Nchini Uingereza, jaribio la DiRECT liliendeshwa katika vituo vya kawaida vya afya ya msingi. Wagonjwa wa kisukari aina ya 2 walipewa lishe maalumu yenye kalori takribani 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Lishe kama hiyo haifai kujaribiwa nyumbani bila daktari, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, kwa kuwa sukari inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha.

Dawa mpya zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo huuarifu ubongo kuwa mtu ameshiba na hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula. Katika jaribio la STEP 1 la mwaka 2021, lenye watu 1,961, waliochomwa semaglutidi kila wiki walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, ukilinganisha na asilimia 2.4 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Katika jaribio la mwaka 2022 la tirzepatidi, dozi kubwa ilipunguza asilimia 20.9 kwa wiki 72. Mwaka 2023 jaribio la SELECT, lenye watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo au mishipa lakini wasio na kisukari, lilionyesha kuwa semaglutidi ilipunguza vifo vya moyo, mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa asilimia 20.

Walipofuatiliwa sehemu ya washiriki wa STEP 1 baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Hapa hoja ya ugonjwa wa kudumu inaonekana wazi: dawa hufanya kazi wakati inatumika, kama ya shinikizo la damu. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 2 wenye unene pamoja na ugonjwa wa moyo au figo. Bei bado ni kikwazo kikubwa. Anayefikiria kuanza ajiulize pamoja na daktari wake kama ataweza kuendelea kwa miaka, badala ya kununua sindano mbili na kukata tamaa. Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito, na anayezitumia anahitaji uzazi wa mpango wa uhakika.

Upasuaji una ushahidi wa muda mrefu zaidi. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwalinganisha watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na 2,037 waliopata huduma ya kawaida. Baada ya wastani wa karibu miaka 11, vifo vilikuwa 101 kwa kundi la kwanza na 129 kwa kundi la pili, na uzito wa kundi la pili ulikuwa karibu haujabadilika. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 35 na zaidi, na ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34.9 ambaye ana kisukari au magonjwa yanayofanana nacho. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni pamoja na upasuaji.

Mkazi wa kando ya Ziwa Victoria anayepelekwa kupata huduma hizo anahitaji maandalizi ya ziada. Kichocho cha tumbo ni cha kawaida katika ukanda huu, na kikikaa miaka mingi huweza kuvimbisha mishipa ya damu kwenye umio. Mtu mwenye mishipa hiyo hawekewi puto, kwa hatari ya kutokwa damu nyingi. Kwa hiyo barua ya rufaa kutoka Mwanza itaje historia ya kuvua, kuoga au kuchota maji ziwani, matibabu ya kichocho aliyowahi kupata, na kama amewahi kutapika damu. Apimwe pia upungufu wa damu na minyoo, kwa kuwa baada ya upasuaji ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12 hupungua, na mgonjwa hutakiwa kumeza virutubisho maisha yote. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 46 anayeuza dagaa sokoni Buswelu. Ana urefu wa mita 1.58 na uzito wa kilo 104. Uwiano wake ni 104 ikigawanywa kwa 2.496, yaani 41.7. Kiuno ni sentimita 118 na shinikizo, kwa mkanda mpana, ni 150/94. Amekuja kwa ajili ya magoti.

Mhudumu kijana anamsalimu, anatibu lililomleta, kisha anaomba ruhusa: “Shikamoo mama. Magoti tumeyaona. Je, unaniruhusu tuzungumze kidogo kuhusu uzito wako na shinikizo la damu?” Mama anaitikia, “Marahaba mwanangu, sema tu.” Kuomba ruhusa ni hatua ya tiba, kwani wengi wenye unene wameshazoea kuhukumiwa kabla hawajakaa kwenye kiti.

Anapoulizwa anachokula, anasema ugali mara moja kwa siku, dagaa au sato wa kukaanga, vikombe 4 vya chai vyenye vijiko 3 vya sukari kila kimoja, na soda moja mchana. Hesabu ifanywe pamoja naye. Soda ya mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari au zaidi, kalori kama 140. Akipunguza sukari ya chai kutoka vijiko 12 hadi 4 kwa siku, anaondoa kalori nyingine kama 130. Vijiko 2 vikubwa vya mafuta vikipungua kwenye kikaango, zinaondoka kalori karibu 240. Jumla ni takribani kalori 500 kwa siku, kiasi kinachopendekezwa kuanzia, na ugali haujaguswa. Sahani yake iongezwe mboga za majani kama mchicha, mlenda au majani ya kunde, na dagaa wabaki, kwa kuwa ni protini bora na nafuu.

Lengo la miezi 6 liwe asilimia 7, yaani kilo 7 hivi. Atakuwa na kilo 97 na uwiano wa 38.9. Kwa macho ya jirani bado ni mnene. Ila shinikizo la damu linatarajiwa kushuka, na magoti kubeba mzigo mdogo kwa kila hatua. Kutembea kuanze kwa dakika 10 asubuhi na jioni, kuongezeke taratibu hadi 150 kwa wiki kadiri magoti yanavyoruhusu. Dawa ya shinikizo ianzishwe inapohitajika bila kusubiri kupungua. Asipofikia lengo baada ya miezi 6, au akiwa na kisukari au kukatika pumzi usingizini, apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando.

Hofu ya kupungua

Kikwazo kimoja cha Kanda ya Ziwa hakipatikani katika tafiti za Sweden. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi kukonda kulisomwa kama dalili ya ugonjwa huo. Mpaka leo wapo wanaoogopa kupungua kwa sababu ya maneno ya majirani, na wapo waume na wakwe wanaoona unene wa mke kuwa ushahidi wa kutunzwa vizuri. Mhudumu alizungumze jambo hili waziwazi. Mgonjwa akikubali, aje na mwenzi wake au binti anayepika nyumbani, ili kilo zitakapopungua familia iwe inajua sababu.

Kwa upande wa pili wako wanaotaka kupungua haraka, na hao ndio soko la wauza chai na vidonge vya “kukata mwili”. Chai nyingi za aina hiyo ni dawa za kuharisha: hupunguza maji na chumvi mwilini, mafuta yakabaki palepale. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya vidonge vinavyodaiwa kuwa vya mitishamba vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza mashambulizi ya moyo na kiharusi. Mgonjwa aulizwe kwa upole kama ametumia kitu cha namna hiyo, na akileta pakiti apongezwe.

Baada ya kupungua, mahudhurio yasikatwe. Apimwe kila mwezi katika miezi 6 ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi 3. Kilo 2 au 3 zikirudi, mpango urekebishwe siku hiyohiyo. Mgonjwa aambiwe tangu mwanzo kwamba huenda zikarudi, ili zitakaporudi aje kliniki badala ya kujificha.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Je, kituo chenu kina mkanda mpana wa kupimia shinikizo, futi ya kiuno, na mizani inayobeba zaidi ya kilo 150 mahali pa faragha?

2. Mgonjwa anayetumia dolutegravir ameongezeka kilo 5 kwa mwaka mmoja. Utamshauri nini, na ni jambo gani hutamshauri kabisa?

3. Ni taarifa zipi za kichocho zinapaswa kuwamo katika barua ya rufaa ya mkazi wa kando ya ziwa anayekwenda kuwekewa puto?

4. Kwa wagonjwa: kati ya sukari ya chai, soda na mafuta ya kukaangia, ni kipi kinaweza kupunguzwa nyumbani kwako wiki hii, na nani atakusaidia?